Mwalimu wa Chombo, na Chombo Kilichoitwa Uhuru

Hotuba ya mwalimu mstaafu wa fizikia kwa wanafunzi wa sekondari, walimu na wazazi, siku ya kufunga maonyesho ya sayansi mjini Malindi, mwezi wa Julai

Asalaam aleikum. Hamjambo nyote.

Bwana Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu za Jumamosi, na nyinyi wanangu ambao siku hii ni yenu: nimeombwa niseme machache juu ya wanasayansi wakubwa na mambo waliyoyavumbua. Asubuhi nimepita kwenye meza zenu moja baada ya nyingine. Nimeona picha za Newton, za Einstein, za Edison, zimekatwa vizuri na kubandikwa. Nimeona volkano ya siki na magadi inayofoka kweli kweli. Nimefurahi, na wale wa meza ya taa ya jua nitawatafuta baadaye, nina maswali yangu.

Lakini sikuona meza hata moja iliyotaja Ngomeni.

Kutoka hapa tulipokaa hadi Ngomeni ni kama kilomita 30. Unapanda matatu, unavuka daraja la Sabaki, unapita Mambrui, unapita Gongoni penye mashamba ya chumvi, umefika. Na kule Ngomeni, ukisimama ufukweni ukatazama baharini, utaona vyuma vimesimama ndani ya maji kwa miguu yao. Nataka tuzungumze juu ya vyuma vile.

Nilikuwa na miaka minane. Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi wa Ngomeni, na sikukuu tulikwenda kwake. Siku hiyo ilikuwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru, nchi imetimiza miaka saba. Wavuvi walikuwa wameambiwa wasisogee upande wa majukwaa, kwa hivyo babu hakwenda baharini. Alikaa chini ya mvinje akishona jarife lake, na mimi nimekaa naye nikimshikia uzi. Mchana ule nikaona mwanga baharini, kisha moshi mweupe, na juu ya moshi kitu chembamba kinapanda. Kimya. Hakuna sauti yoyote. Nilikuwa nimeshaanza kumwambia babu "mbona kimya", ndipo mngurumo ukatufikia, ukapita kifuani kama ngoma kubwa. Babu hakushtuka. Alisema, "Umeona? Jicho limetangulia, sikio limefuata." Akaendelea kushona.

Wanangu, hilo ndilo somo langu la kwanza la fizikia, na mpaka leo sijalipata lililo fupi na la kweli kuliko hilo. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Sauti huhitaji karibu sekunde tatu kuipata kilomita moja tu. Nilipokuja kuwa mwalimu, kila mwaka nilianza sura ya mawimbi kwa maneno ya babu.

Miaka kadhaa baadaye, darasani, nilisema kwamba nimeona roketi ikirushwa nyumbani kwetu. Mwalimu aliyekuwa akitufundisha akaniambia roketi hurushwa Marekani na Urusi, nikae chini. Darasa likacheka. Nikakaa. Simlaumu sana, maana hata yeye hakufundishwa. Lakini nilikaa chini kwa miaka mingi. Nilisimama tena chuoni, siku nilipofungua kitabu cha elimu ya nyota maktabani, nikaona katikati ya ukurasa wa lugha ya kigeni neno moja la Kiswahili: Uhuru. Ndicho kile kitu chembamba kilichopanda juu ya moshi. Lakini nitarudi kwake. Kwanza turudi nyuma zaidi, maana chombo kile hakikuwa cha kwanza kuondoka mwambao huu kikiongozwa na nyota.

Kila mgeni anayekuja Malindi hupelekwa kwenye ule mnara mweupe wenye msalaba, pale juu ya mwamba. Anapigwa picha, anaambiwa: huu ni wa Vasco da Gama. Ni sawa, historia ni historia. Aprili 1498 Wareno walitia nanga hapa wakiwa wameizunguka ncha ya kusini ya Afrika, lakini njia ya kuvuka bahari kwenda Hindi hawakuijua. Mfalme wa Malindi akawapa mtu wa kuwaongoza. Jina la mtu huyo Wareno wameliandika "Malemo Cana". Hebu litamkeni kwa sauti. Malemo. Malemo. Mnasikia? Ni mwalimu. Mwalimu wa chombo ndiye aliyejua njia, pepo na nyota. Nahodha alikuwa mkubwa wa safari, lakini mwalimu ndiye aliyesema "shika huku". Na hilo Cana wataalamu wengi wanalihusisha na neno la Kihindi lenye maana ya mnajimu. Kwa hivyo Wareno wametuachia cheo chake na kazi yake. Jina alilopewa na mama yake halimo.

Wapo wanaosema alikuwa Ahmad ibn Majid, yule bingwa wa Julfar, pwani ya Uarabuni, aliyeandika kitabu kikubwa cha elimu ya bahari karibu na mwaka 1490, na shairi zima la njia ya mwambao wetu mpaka Sofala. Ningependa sana iwe kweli. Lakini sayansi haiendi kwa kupenda. Mwandishi wa Kireno João de Barros, aliyechapisha habari hizi mwaka 1552, anasema mtu huyo alikuwa Mwislamu wa Gujarati, na wachunguzi wengi wa leo hawakubali kwamba ni Ibn Majid. Basi tumwache awe yeye mwenyewe: mwalimu, mtu wa Gujarati, aliyekutwa bandarini Malindi kwa sababu Malindi ilikuwa mahali ambapo watu kama yeye hupatikana.

Barros anasimulia jambo moja ambalo nalipenda mno. Anasema da Gama alimwonyesha mwalimu asturlabu yake kubwa ya mbao, na nyingine za madini, vifaa vya kupimia jua. Alitarajia mwenyeji ashangae. Mwalimu hakushangaa. Akasema anajua kwamba marubani wa Bahari ya Shamu wana vyombo vyao vya shaba vya kupimia, ila yeye na wenzake wa Hindi hutumia kitu kingine, kilichotengenezwa kwa vipande vitatu vya ubao. Akawaonyesha pia ramani ya pwani yote ya Hindi.

Vipande vya ubao. Nimekuja na kimoja. Waarabu wanakiita kamali. Hiki nimekichonga mwenyewe kwa mbao ya mkoko. Si kikubwa kuliko kiganja. Katikati kina tundu, na tunduni imepita kamba yenye mafundo. Njoo hapa, mwanangu, wewe uliye mbele.

(Mwanafunzi wa kidato cha pili akapanda jukwaani.)

Uma fundo hili kwa meno. Usicheke, mabaharia walifanya hivi hivi. Sasa sukuma ubao mbele mpaka kamba inyooke. Fumba jicho moja. Ukingo wa chini wa ubao uweke pale ukuta unapokutana na sakafu. Hapo ndipo upeo wa bahari. Ukingo wa juu unagusa nini? Saa ya ukutani? Vizuri. Saa hiyo ndiyo nyota yako. Sasa piga hatua tatu kwenda mbele. Imekuwaje? Saa imepanda juu ya ubao. Rudi nyuma. Imejificha nyuma ya ubao. Hebu mpigieni makofi.

Mmekwisha kuielewa kamali. Nyota ya kaskazini, ile wanamaji wetu wanayoiita Jaa, haisogei kama nyota nyingine, na jinsi unavyokwenda kaskazini ndivyo inavyopanda. Kila bandari ina urefu wake wa Jaa. Mwalimu alifunga fundo moja kwa kila bandari aijuayo. Akitaka kurudi bandari ile, alisafiri mpaka Jaa ikae sawasawa juu ya ubao kwa fundo lile, kisha akageuza chombo kuelekea pwani na kuishika hapo hapo, haipandi haishuki, mpaka aone nchi kavu. Kipimo chake kilikuwa kidole, isba kwa Kiarabu: unene wa kidole ulionyooshewa mbinguni. Mbingu nzima, mzunguko wake, waliigawa vidole 224. Piga hesabu utaona kidole kimoja cha mbingu ni kama kilomita 178 za bahari. Kipande cha mti, uzi, na meno ya mtu, na unajua uko wapi duniani.

Hapa Malindi Jaa hatuioni. Tuko nyuzi tatu na kitu kusini ya ikweta, kwa hivyo imezama chini ya upeo. Msafara wa da Gama uliondoka tarehe 24 Aprili, na mmoja wa waliokuwamo ameandika kwamba tarehe 29 waliiona tena nyota ya kaskazini, ambayo hawakuwa wameiona kwa muda mrefu. Nawaza uso wa mwalimu usiku ule. Kwa wageni ilikuwa faraja. Kwake ilikuwa kazi imeanza: atoe ubao wake, aume kamba. Tarehe 20 Mei walikuwa wametia nanga karibu na Calicut.

Sasa turuke miaka karibu 400, twende Würzburg, Ujerumani. Tarehe 8 Novemba 1895 Wilhelm Röntgen alikuwa peke yake katika chumba chenye giza akipitisha umeme ndani ya chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Chupa ameifunika karatasi nene nyeusi, hakuna nuru inayotoka. Lakini kando kidogo palikuwa na ubao uliopakwa dawa, na ubao ule ukang'aa. Kuna kitu kinapita kwenye karatasi. Hakukimbilia kuwaambia watu. Alijifungia wiki kadhaa akijaribu: kinapita kwenye mbao? Kwenye kitabu? Kwenye risasi? Tarehe 22 Desemba alimwomba mkewe aweke mkono juu ya bamba la picha, na ikatoka picha ya mifupa na pete ya ndoa ikiwa imezunguka mfupa. Kwa vile hakujua ni nini, aliupa mwali ule jina la herufi ya kisichojulikana, X. Mwaka 1901, Tuzo ya Nobel ya Fizikia ilipotolewa kwa mara ya kwanza kabisa, alipewa yeye. Na alikataa kuchukua hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi ili kila anayeutumia amlipe, asije mtu akalazimika kumlipa ndipo mgonjwa atazamwe. Mwaka jana mjukuu wangu alianguka kutoka kwenye mpera akaumia kifundo cha mkono. Tulipokuwa tunangoja eksirei yake, nilimwombea Röntgen dua kimoyomoyo.

Eksirei hupita kwenye nyama, ndiyo, lakini haiwezi kupita kwenye hewa yote iliyo juu yetu. Mnaweza kudhani hewa si kitu. Hewa iliyo juu ya vichwa vyetu, kutoka hapa mpaka inapokwisha, uzito wake ni sawa na maji ya kina cha mita 10, pima tano na nusu. Wazamiaji mlioko hapa mnajua pima tano na nusu ni nini. Sote tumekaa chini ya maji hayo. Ndiyo maana kama kuna nyota inayotoa eksirei, hakuna jicho wala darubini ya ardhini itakayojua. Ni lazima upande utoke majini.

Juni 1962 kundi la wanasayansi Marekani likiongozwa na Riccardo Giacconi, Mwitaliano mzaliwa wa Genoa, lilirusha roketi ndogo katika jangwa la New Mexico. Roketi ile haikuzunguka dunia. Ilipanda na kuanguka, na kwa dakika kama sita tu ikawa juu ya kutosha kuona. Walikuwa wanatafuta eksirei kutoka mwezini. Walichokipata kilitoka upande wa kundi la nyota la Akarabu, yaani nge, burji ambayo wazee wetu wa falaki wanaijua vizuri, na kilikuwa kikali kupita walivyofikiri inawezekana. Waliita Scorpius X-1. Dakika sita, na mbingu ikawa si ile waliyoijua jana yake.

Fikirieni basi mtu aliyeona kwa dakika sita. Anataka nini? Anataka kukaa kule juu mwaka mzima. Giacconi akaomba setilaiti.

Hapo ndipo Ngomeni inapoingia. Mwitaliano mwingine, Luigi Broglio, mhandisi na profesa wa Roma aliyezaliwa Mestre, jirani na Venezia, alikuwa ameshapata wazo ambalo wengi waliliona gumu: kurushia roketi baharini, kwenye majukwaa ya chuma ya namna ile inayotumika kuchimbia mafuta, karibu kabisa na ikweta. Akachagua ghuba ya Ungwana. Jukwaa la kurushia likaitwa San Marco, kwa jina la walii wa Venezia, na la kuongozea likaitwa Santa Rita. Setilaiti ya kwanza iliondoka hapo Aprili 1967.

Kwa nini hapa? Wanafunzi wengi huniambia "kwa sababu ya bahari". Ni kweli nusu: mashariki yetu ni maji matupu, kipande cha roketi kikianguka hakimwangukii mtu. Lakini sababu kubwa ni dunia yenyewe. Inazunguka, na mtu aliyekaa ikweta ndiye anayezungushwa kwa kasi zaidi. Hapa mlipokaa, kwenye viti vyenu, mnakwenda mashariki kilomita 1,670 kwa saa, hivi sasa. Roketi inayorushwa kutoka hapa inaondoka tayari ikiwa na kasi hiyo, bila kuchoma hata kijiko cha fueli. Kama mtu anayeruka kutoka kwenye mashua inayokwenda. Isitoshe, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta inakwepa eneo moja juu ya Atlantiki ya kusini penye mnururisho mwingi, ambao ungevuruga vipimo vya Giacconi.

Basi siku ile babu yangu aliposhona jarife, juu ya ule moshi kulikuwa na chombo cha uzito wa kilo 140 na kitu, yapata gunia moja na nusu la mahindi. Msimamizi wa mradi mzima kule NASA alikuwa mhandisi Marjorie Townsend, mwanamke wa kwanza kusimamia mradi wa setilaiti Marekani. Yeye ndiye aliyependekeza chombo kiitwe Uhuru, kwa sababu ya siku na kwa heshima ya wenyeji wake. Wasichana, nimesema mhandisi Marjorie Townsend. Iandikeni. Nimehesabu picha za wanawake kwenye maonyesho ya leo nikapata mbili tu.

Ndani ya Uhuru kulikuwa na nini? Masanduku ya gesi. Hakuna kioo wala lenzi. Sanduku lina dirisha la madini ya berili, jembamba hata eksirei inapita. Ikiingia, inaipiga chembe ya gesi na kung'oa elektroni. Elektroni zinavutwa na waya wenye umeme, na waya unatoa mshindo mdogo. Mshindo mmoja, hesabu moja. Zilikuwa seti mbili, zimepeana migongo, na chombo chenyewe kinajizungusha polepole, mzunguko mmoja kama dakika 12. Ni kama mnara wa taa wa bandarini, ila wenyewe hautoi nuru, unazunguka ukipokea. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefia Cairo karibu na mwaka 1040, alikuwa amekwisha sema kwamba jicho halitoi nuru, nuru ndiyo inayoliingia. Angeipenda Uhuru.

Uhuru ilifanya kazi mpaka Machi 1973. Kabla yake mbingu ya eksirei ilijulikana kwa vitu makumi machache. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vitu 339. Kimoja, Centaurus X-3, kilikuwa kinapiga kama moyo, kila sekunde 4.8, na kila baada ya siku mbili na kidogo kinapotea kisha kinarudi. Kinapotea kwa sababu kinazunguka nyota nyingine na kupita nyuma yake. Ni nyota ya neutroni: uzito unaopita wa jua letu, umekandamizwa kwenye tufe ambalo upana wake ni kama kutoka hapa mjini mpaka Watamu. Inainyonya gesi jirani yake, gesi inapoanguka inapata moto wa mamilioni ya nyuzi, na moto huo ndio unaotoa eksirei.

Na kuna Cygnus X-1. Huyu nataka mumsikilize. Uhuru ilimwona akibadilika haraka, chini ya sekunde moja. Kitu kikubwa hakiwezi kumeta haraka hivyo, maana habari ya kumeta haiwezi kukivuka kwa kasi inayopita ya nuru. Kwa hivyo ni kitu kidogo. Kisha Louise Webster na Paul Murdin wa Uingereza, na Tom Bolton wa Toronto, wakatazama kwa darubini za kawaida mahali pale, wakaona nyota kubwa ya buluu inayoyumba, inazungushwa na kitu kisichoonekana kila siku 5.6. Kutokana na kuyumba kule ukapatikana uzito wa kisichoonekana, na ulikuwa mkubwa mno hata kwa nyota ya neutroni. Ni kidogo, ni kizito, hakionekani. Hilo ndilo shimo jeusi la kwanza ambalo wanasayansi walilikubali: kitu chenye mvutano mkali hata nuru haiwezi kutoka ndani yake. Stephen Hawking mwenyewe, mwanafizikia bingwa wa mashimo meusi, alikuwa ameweka dau na mwenzake Kip Thorne kwamba si shimo jeusi, na mwaka 1990 akakubali ameshindwa. Vipimo vya sasa vinasema uzito wake ni kama wa majua 21, na liko mbali nasi kama miaka ya nuru 7,200, yaani nuru yenyewe husafiri miaka 7,200 kutufikia.

Mwalimu alipima Jaa kwa uzi ili ajue nchi asiyoiona iko wapi. Webster, Murdin na Bolton walipima nyota ili wajue kitu wasichokiona kina uzito gani. Mimi sioni tofauti kubwa kati ya kazi hizi mbili, na nimezifundisha zote mbili miaka 34.

Giacconi alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Katika mambo aliyosifiwa, Uhuru imo. Kwa jumla setilaiti tisa zilirushwa kutoka Ngomeni mpaka mwaka 1988. Moja, SAS-2, ya mwaka 1972, iliona miali ya gama. Nyingine, Ariel 5, ilikuwa ya Waingereza. Tangu hapo hakuna roketi iliyopanda tena. Kituo bado kipo, kina jina la Broglio, na kazi yake sasa ni kufuatilia na kupokea habari za setilaiti. Aprili 2023 setilaiti yetu sisi wenyewe, Taifa-1, ilipopanda, ilirushwa kutoka California. Nilifurahi nikatoka machozi, na nilihuzunika papo hapo, kwa sababu ambayo nadhani sasa mnaielewa.

Ila huzuni yangu kubwa si hiyo. Ami yangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Miaka mingi alipanda mashua alfajiri kwenda majukwaani, akarudi jioni, mikono ina alama za cheche. Chuma cha baharini huliwa na kutu kila siku, bila fundi jukwaa halisimami, na bila jukwaa hakuna Uhuru. Nimekula naye sahani moja mara zisizo na idadi. Sikumuuliza hata siku moja: ami, ilikuwaje kule? Nani alikuwa nawe? Siku ya Uhuru ulikuwa wapi? Nilikuwa na shahada ya fizikia, namwona kila Ijumaa, na nilikuwa natafuta habari za Uhuru kwenye vitabu vya Wamarekani. Alifariki mwaka 2009. Amekwenda na yake yote, kama mwalimu wa Malindi alivyokwenda na jina lake. Na mwalimu ana udhuru, hakuwa na mpwa aliyesoma. Ami alikuwa nami.

Wapo waliobaki. Wako Ngomeni, wako Mambrui, wengine wako hapa mjini na mnawasalimia njiani: walioendesha mashua, waliopika, waliozamia kukagua miguu ya jukwaa, waliokesha ulinzi. Wengi wamepita miaka 75. Ninachokiomba kwenu mwaka huu si volkano nyingine. Nendeni kwa wazee hawa na daftari. Waulizeni majina, na majina ya wenzao waliokufa, na kila mmoja alikuwa akifanya nini kwa mikono yake. Msiandike hadithi kubwa kubwa, andikeni vipimo: saa ngapi, kamba unene gani, maji kina gani. Walimu wenzangu, mkinipa chumba kimoja chenye kabati, nitakaa humo kila Jumatano kuyapokea madaftari hayo na kuyapanga. Sihitaji malipo.

Tuanze leo leo. Mzee mmoja wa Ngomeni aliyekuwa akiendesha mashua ya kwenda San Marco amekubali kuja. Baada ya sala ya isha, saa tatu usiku, tukutane ufukweni, upande wa gati usio na taa. Sauti yake haitoki sana siku hizi, kwa hivyo mkae karibu naye na msimkatize. Ubao huu nauacha hapa mezani. Atakayewahi ndiye wa kwanza kuutumia. Kusi ikitufagilia mawingu, saa hiyo Akarabu atakuwa amepanda juu kabisa, na katikati yake kuna nyota nyekundu, ndiyo moyo wake. Nyoosheni mkono, mpime vidole saba kutoka moyo ule kwenda kaskazini, kuelekea utosini. Hapo mtakapofika hamtaona kitu. Hapo ndipo Giacconi alipoangalia kwa dakika sita.